Laptopu Imechoka? Anza na SSD, Mengine Yafuate

Kama laptopu yako ni HP EliteBook, Dell Latitude au ThinkPad ya mtumba, usikimbilie kuiuza. Nyingi kati ya hizo hufunguka kwa bisibisi na vifaa vyake hubadilishika. MacBook Air ni habari nyengine: RAM yake, yaani kumbukumbu ya muda ya programu zilizo wazi, imechomelewa kwenye bodi, haiongezwi.

Cha kwanza ni SSD, yaani diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani, na hapa sibishani na mtu. Diski ya zamani ina sahani inayozunguka, mara nyingi kwa mizunguko 5,400 kwa dakika, na husoma kiasi cha megabaiti 100 kwa sekunde. SSD ya SATA, aina ya kawaida ya kiunganishi cha diski, hufika kama 550. Laptopu iliyokuwa ikiwaka huku unamaliza kikombe cha chai itawaka kabla hujakishika. Kwa kazi za skuli na ofisi, GB 256 zinatosha. Ukiambiwa ina tundu la M.2, yaani la SSD nyembamba kama kijikadi, muulize fundi ni la SATA au NVMe, aina yenye kasi zaidi, maana kwa sura karibu hazina tofauti na si kila bodi hukubali zote mbili. SSD ya terabaiti mbili kwa bei ya kutupa ikimbie. Za bandia hudanganya ukubwa wake. Ijaribu palepale dukani Darajani, mjini Unguja: ijaze mafaili, kisha uyafungue. Wewe wa Wete au Chake Chake, kule Pemba, ndiyo zaidi, kwani kuirudisha ni nauli ya boti.

Cha pili, RAM. Kutoka GB 4 kwenda 8 utaona tofauti ukifungua kurasa nyingi. Nenda na kipande chako cha zamani mkononi: RAM ya aina ya DDR3 haiingii kwenye tundu la DDR4, na baadhi ya laptopu hutaka DDR3L ya volti 1.35 tu. Tena Windows ya biti 32 haivuki GB 4, hivyo huenda ukahitaji kuweka ya biti 64.

Betri naiweka ya tatu, ila mtaani kwenu umeme ukikatika sana ipandishe. Iliyovimba itoe leo.

Kusafisha feni na kupaka grisi mpya ya prosesa, ule ubongo wa laptopu, ni kazi ya bei ndogo. Vumbi na chumvi ya bahari havina huruma.

Prosesa yenyewe iache, ila angalia ni ya kizazi gani. Windows 10 ilikoma kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 hutaka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na, kwa Intel, kwa kawaida kizazi cha 8 kwenda juu. Yako ikiwa chini ya hapo, weka Linux, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, au gharama zikikaribia nusu ya bei ya laptopu ya kizazi cha 8, kanunue hiyo.