Breki ya Ekzosi Niliyoifunga Nyumbani kwenye Pikapu ya Dizeli: Chuma Safi, Maelekezo Duni

Pikapu yangu ina injini ya dizeli ya Cummins ya lita 5.9, yenye silinda sita na valvu 12, pamoja na giaboksi ya mkono, na kazi yake kubwa ni kuvuta trela lenye mzigo wa karibu tani tatu kwenye barabara za milima. Kupanda haijawahi kuwa tabu kwake; tabu ni kushuka. Katika injini ya petroli, dereva akiondoa mguu kwenye ekseleta, mlango wa hewa hufunga, pistoni huvuta hewa kwa shida na gari hupungua mwendo lenyewe, lakini dizeli ya aina hii haina mlango huo, hivyo hewa huingia na kutoka bila kuzuiliwa na mzigo wote huachiwa breki za magurudumu. Baada ya kufika bondeni mara mbili nikinusa pedi zinazoungua, niliagiza seti ya breki ya ekzosi na kuifunga mwenyewe uani kwa siku mbili na nusu. Haya ninayoyaandika yanatokana na miezi minane ya kuitumia.

Ndani ya kasha mlikuwa na kipande cha bomba kizito cha chuma cha kusubu chenye kisahani kinachozunguka ndani yake, silinda ndogo ya hewa ya kukigeuza kisahani hicho, kompresa ya volti 12, valvu ya umeme, swichi, nyaya na kijitabu cha maelekezo. Kisahani kikifunga, hewa inayosukumwa na pistoni hukosa njia ya kutokea, presha hupanda ndani ya manifoldi (bomba linalokusanya moshi wa silinda zote), na kila pistoni inayopanda kutoa hewa hulazimika kupambana nayo. Wapo wanaoichanganya na breki ya injini inayonguruma kwenye malori makubwa. Ile hufungua valvu za kutolea moshi pale pistoni inapomaliza kubana hewa, na wazo lake hunasibishwa na Clessie Cummins, mwanzilishi wa kampuni ya injini za Cummins, ambaye mwaka 1931 alinusurika kugonga treni lori lake lilipokuwa likishuka njia ya milimani ya Cajon Pass huko California. Kampuni ya Jacobs ilianza kuitengeneza kwa ajili ya soko mwaka 1961. Hii yangu haina makelele hayo, na ukiwa ndani ya gari husikii zaidi ya mlio mfupi kama wa mtu anayepuliza kwa meno.

Kazi ya chuma ilikuwa nyepesi kuliko nilivyotarajia, na hapa namsifu mtengenezaji bila kusita. Breki hukaa palepale turbo (feni inayozungushwa na moshi ili kuisukumia injini hewa) inapoishia, na nyuso za kuunganishia zilikuwa zimenyooshwa vizuri kiasi kwamba hapakuvuja hata kidogo nilipowasha injini mara ya kwanza. Muda mwingi uliliwa na klempu kuukuu yenye kutu, ambayo niliilowesha oili ya kulegeza usiku kucha na bado ikakatika. Nunua mpya kabla hujaanza. Mipira ya maji ya hita ilipita karibu mno na breki, nami nikaisogeza na kuivika kinga ya joto ambayo seti haikuja nayo.

Sasa nije kwenye jambo lililotajwa kwa mstari mmoja tu, katika ukurasa wa mwisho wa kijitabu, ilhali lingestahili kuwa la kwanza: springi za valvu. Silinda zote sita hutolea kwenye manifoldi moja, kwa hiyo presha inayojengeka humo haiishii kuzuia pistoni inayopanda. Husukuma pia migongo ya valvu za kutolea moshi kwenye silinda ambazo wakati huo zinavuta hewa, valvu ambazo zinapaswa kuwa zimefungwa kabisa. Springi ikiwa dhaifu, valvu huinuka kutoka kwenye kiti chake, kisha hujipigiza inaporudi, na mambo yakienda vibaya zaidi hukutana na pistoni. Springi za kiwandani za injini hii huhesabiwa kuwa zinahimili takriban psi 35 (psi ni kipimo cha presha), na ili kufikia psi 60 sharti uweke zilizo ngumu zaidi upande wa kutolea moshi. Seti inauzwa ikiwa imepimwa kwa kiwango hicho cha juu, lakini springi hazimo ndani ya kasha. Mtu asiyefika ukurasa wa mwisho ataifunga, ataifurahia siku ya kwanza, na ataihujumu injini yake bila kujua.

Nilibadilisha springi sita bila kufungua silinda hedi. Pistoni ya kwanza na ya sita hupanda pamoja, vivyo hivyo ya pili na ya tano, ya tatu na ya nne. Kwa hiyo ukizungusha injini kwa mkono hadi jozi moja ifike juu kabisa, valvu hazina pa kudumbukia hata ukiziondolea springi. Kilichonitoa jasho ni vile vipande viwili vidogo vinavyoifunga springi kwenye shina la valvu. Nilikuwa nimeziba kila tundu kwa vitambaa, na bado kimoja kiliruka nikakitafuta nusu saa kabla ya kukikuta ndani ya mfuko wa ovaroli yangu mwenyewe. Baada ya hapo nilipima upya nafasi za valvu injini ikiwa baridi: milimita 0.25 upande wa kuingiza hewa na milimita 0.51 upande wa kutolea.

Upande wa umeme ndipo seti hii inapopoteza alama nyingi. Umeme wa kufunga kisahani hupita kwenye swichi tatu zilizofuatana: ya dereva, ya ekseleta na ya klachi. Zote zinapaswa kukubali kwa pamoja, maana ukikanyaga klachi breki ikiwa imefunga, injini huzima, na ukikanyaga mafuta ikiwa imefunga, injini hukabwa. Mantiki hiyo ni sahihi kabisa. Tatizo ni kwamba swichi ya ekseleta ilikuja na kishikio cha bati jembamba linalopinda kwa kidole. Niliirekebisha kwa uangalifu injini ikiwa imezimwa. Siku ya tatu mtikisiko ulikuwa umekwisha kuihamisha, na nilipokanyaga ekseleta kidogo kutoka kwenye kona, gari liligoma kwenda na moshi mweusi ukatanda nyuma yangu. Kulisha injini dizeli wakati njia ya moshi imezibwa ni kuichoma turbo kwa makusudi. Nilikata kishikio kingine kwenye chuma cha milimita tatu, nikakaza upya, kisha nikajaribu kwa taa ya kupimia: taa iliwaka mguu ukiwa nje na kuzimika pedali iliposogea kidogo sana. Tangu hapo haijawahi kunisumbua. Fyuzi nayo niliihamishia karibu na betri, kwa sababu kijitabu kiliiweka mwishoni mwa waya mrefu, mahali ambapo haiulindi waya huo hata chembe.

Barabarani, chombo chenyewe kinafanya kazi kwa kiwango kilichonishangaza. Mteremko niliokuwa nikiushuka kwa gia ya tatu huku mguu ukirudi kwenye breki kila baada ya sekunde chache, sasa naushuka kwa gia ileile bila kukanyaga breki isipokuwa kwenye kona mbili kali, na nikifika chini magurudumu yana joto la kawaida. Ila lazima injini izunguke. Kisahani hiki kina tundu lisilobadilika ukubwa, na mtengenezaji amelazimika kulipima kwa mzunguko wa juu ili presha isivuke kikomo. Injini ikizunguka polepole, tundu hilohilo linakuwa kubwa mno kwa hewa iliyopo. Niliunganisha geji ya presha kupitia bomba refu la shaba lililosokotwa ili kupoza joto, nikasoma karibu psi 55 kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika, lakini chini ya psi 20 kwenye mizunguko 1,500. Ziko breki za gharama zaidi ambazo zina mlango wa springi unaojifungua presha ikifika kikomo, nazo hushika vema hata mizunguko ikiwa ya chini. Anayevuta mizigo kila siku aongeze fedha achukue hizo. Kwa mimi ninayevuta mara moja au mbili kwa wiki, hii inatosha, mradi nikumbuke kushusha gia kabla mteremko haujaanza.

Breki hii hushika magurudumu ya nyuma pekee, kwa hiyo kwenye matope, au mvua inapoanza kunyesha na pikapu haina mzigo, mimi huizima. Vilevile haiwashi taa za breki. Gari lilipunguza mwendo na aliye nyuma hakujua, hadi nilipoongeza rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) ya kuziwasha kisahani kinapofunga. Mhimili wa kisahani huganda kwa masizi ukikaa bila kutumika, na grisi ya kawaida huungua, hivyo naupulizia kilainishi kikavu cha kuhimili joto kali kila ninapobadilisha oili.

Ningeinunua tena kwa ajili ya chuma chake, nikijua mapema kwamba springi, kishikio cha swichi, kinga ya joto na rilei ni juu yangu. Kwa asiye na giaboksi ya mkono, hesabu ni tofauti: otomatiki nyingi za zamani huachia kiunganishi kinachofunga injini moja kwa moja na giaboksi mara tu mguu unapotoka kwenye mafuta, na bila kifaa cha kukilazimisha kibaki kimefunga, nguvu ya breki hii haifiki kwenye magurudumu. Kompresa nayo bado inanisumbua kidogo, kwa kuwa nafasi iliyopendekezwa na kijitabu iko nyuma ya gurudumu la mbele, na tayari nimeivua mara mbili kuitoa matope.