Kumpata daktari wa familia kwa kadi ya NHIF hapa Kigoma: uzoefu wangu

Naandika haya kwa ajili ya watumishi wenzangu mnaohamia Kigoma na familia, maana swali lenu la kwanza huwa ni hilohilo: kwa kadi ya bima tutatibiwa wapi? Mimi ni mwalimu, naishi Mwanga, hapahapa mjini Kigoma. Kwenye bima yangu yupo mume wangu, watoto wawili (mdogo ana pumu) na mama yangu mzazi mwenye presha na sukari. Mshahara wangu unakatwa asilimia 3, mwajiri anaweka 3 nyingine, na mbali na mwenza unaruhusiwa wategemezi wasiozidi wanne. Kwa hiyo bima tunayo. Tulichokikosa kwa muda mrefu ni daktari.

Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, yaani NHIF, haukupangii daktari. Unaenda kwenye kituo chenye mkataba nao, wanahakiki kadi, unaonwa na aliye zamu. Ukiwa na malaria hilo halina tatizo. Kwa mama yangu lilikuwa mateso. Kila kliniki mtu mpya, kila mmoja anaanza upya na "Mama, unasumbuliwa na nini?", dawa zinabadilishwa na mtu asiyejua zile za mwanzo ziliachwa kwa nini. Kuna kituo kimoja tuliambiwa dirishani tusubiri, wanaolipa taslimu wapite kwanza. Mama alikuwa hajala kwa sababu ya kipimo cha sukari. Akakaa kwenye benchi mpaka mchana, mikono inamtetemeka. Mgonjwa wa sukari kuachwa hivyo ni hatari, na mpaka leo linaniuma.

Mwalimu mwenzangu wa Ujiji ndiye aliyenielekeza kwenye kituo cha afya cha binafsi tunachotibiwa sasa. Siku ya kwanza daktari alimwamkia mama shikamoo, akavuta kiti akakaa karibu naye, akaendelea kwa Kiha. Mama ni mtu wa Kasulu, na kwa madaktari wengine alikuwa anaitikia "ndiyo" kwa kila swali. Hapo akafunguka. Kumbe kile kidonge cha presha cha kupunguza maji alikuwa anakiruka, kwa sababu alikuwa anakimeza jioni halafu anaamka kukojoa usiku kucha. Daktari akamwambia akimeze asubuhi. Hakuandika dawa mpya hata moja! Akachukua daftari tulilokwenda nalo, akachora safu za tarehe, presha na sukari, akanionyesha namna ya kujaza. Kila tukirudi analifungua daftari kabla hajauliza chochote.

Kwa anayetafuta: usiishie kuuliza "mnapokea bima?" Uliza daktari mwenyewe yupo siku gani na saa ngapi, na kama wenye bima wanaonwa na huyohuyo. Madaktari wengine wa vituo binafsi ni waajiriwa wa serikali, wanaingia jioni tu. Na usidharau zahanati. Pale utaonwa zaidi na tabibu, yaani mtoa tiba wa ngazi ya chini ya daktari, lakini tabibu mmoja anayewajua wanao kwa majina anawafaa kuliko madaktari watano wanaopishana. Ila dawa zimepangwa kwa ngazi ya kituo, kwa hiyo mwenye presha ngumu au sukari atafika mahali zahanati haiwezi kumpa dawa yake kwa bima. Hapo kituo cha afya au hospitali ndiyo jibu.

Fomu nayo isome kabla ya kusaini. Kilichoandikwa kiwe ndicho ulichopata, kipimo kwa kipimo, dawa kwa dawa. Ile ndiyo kituo kinadai nayo malipo kwenye Mfuko. Na piga simu kabla ya kutoka nyumbani, hasa kama una mgonjwa wa kubeba. Wanaokumbuka Machi 2024, hospitali nyingi binafsi ziliposimamisha huduma kwa wenye NHIF kwa mvutano wa kitita kipya, yaani orodha mpya ya huduma na bei ambazo Mfuko unalipa, wanaelewa kwa nini nasema hivi.

Kituo chetu kina upungufu wake. Dawa ya pumu ya kuvuta huwa inaisha, tunaandikiwa fomu ya kwenda kuchukua kwenye duka la dawa lenye mkataba. Vipimo vya moyo hawana. Mama aliandikiwa rufaa kwenda Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa. Lakini barua ile ilikuwa na kila kitu: dawa anazotumia, kipimo cha kila dawa, presha za miezi iliyopita. Maweni hawakuanza kumuuliza upya, na majibu yalipotoka alirudi kwa daktari wake akamweleza kwa Kiha.

Jumatatu foleni ni ndefu mno. Mwenye mgonjwa wa kliniki ya kawaida aende katikati ya wiki, afike mapema, na kama kuna kipimo cha sukari abebe chakula cha kula mara tu damu ikishatolewa.