Viatu vya mbwa vya theluji: mpira, nailoni, soli ngumu au nta?

Wengi wanaomnunulia mbwa viatu vya theluji hutafuta joto, na hapo ndipo fedha zinapoanza kupotea. Unyayo wa mbwa umeumbwa kuhimili baridi. Ndani yake mishipa inayoleta damu imezungukwa na mtandao wa mishipa inayoirudisha, kwa hiyo damu ya moto inayoshuka huipasha ile iliyopoa kabla haijapanda mwilini. Nyama ya unyayo nayo ina mafuta mengi yasiyoganda upesi. Maadui wa mguu kwenye theluji ni wengine: chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu, barafu yenye makali, na vibonge vya theluji vinavyojijenga kati ya vidole. Kiatu kizuri ni kile kinachozuia hayo bila kudondoka njiani. Tumezipima aina nne kwa kigezo hicho, na nta, ile ya kupaka nyayoni, tumeihesabu humo kwa sababu inafanya kazi ileile.

Mpira mwembamba, ule usio na soli wala mkanda, unaofanana na puto ambalo halijajazwa hewa, ndio tunaoupa nafasi ya kwanza kwa mbwa anayetembea kwenye lami yenye chumvi. Maji ya chumvi hayapenyi, na mbwa bado anaihisi ardhi, hivyo huuzoea mapema. Kuuvalisha, panua mdomo wake kwa vidole vya mikono yote miwili, ingiza mguu mpaka makucha yaguse mwisho, kisha kamua hewa iliyobaki kuelekea juu. Hewa ikibaki ndani, mpira unazunguka mguuni. Makucha marefu yataupasua siku ya kwanza tu, basi yakate kabla. Mguu ukiangukia kati ya saizi mbili, chukua iliyo kubwa: mpira unaobana huzuia damu, na mguu usiofikiwa na damu ndio unaoganda. Kasoro yake ni kwamba hauongezi joto lolote, na jasho la mbwa, ambalo hutokea nyayoni, halina pa kwenda. Mkishaingia ndani, uvue papo hapo.

Kiatu cha nailoni ngumu, aina ya kodura, ni mfuko mdogo wa kitambaa wenye mkanda wa velkro, yaani mkanda unaojishika wenyewe ukibanwa. Hakivutii machoni. Hata hivyo ndicho wanachovaa mbwa wavuta sleji, gari lisilo na magurudumu linaloteleza juu ya theluji: katika mashindano ya Iditarod kule Alaska, yanayotoka Anchorage hadi Nome, takriban kilomita 1,600, kanuni zinamtaka kila mwendeshaji awe na viatu 8 kwa kila mbwa, yaani seti mbili. Ni chepesi, kinapitisha jasho na kinakauka haraka. Kwenye theluji ya porini hatuoni cha kukishinda. Kwenye lami hali ni tofauti: maji ya chumvi hupenya kitambaa, na sehemu ya makucha inatoboka mapema. Funga mkanda pale mguu ulipo mwembamba kabisa, juu tu ya vidole, na ule ukucha wa pembeni uuache nje, kwa sababu velkro ikiusugua kilomita chache ngozi inachubuka. Mbwa akipumzika kwa muda mrefu, vivue. Kitambaa kilicholowa kinaganda, na mkanda unazuia damu.

Viatu vya soli ngumu ndivyo vinavyopendeza zaidi dukani na ndivyo vilivyotukatisha tamaa zaidi. Sababu iko kwenye umbo la mguu. Juu ya vidole, mguu wa mbwa unakuwa mwembamba ghafla, mfupa na kano tupu, bila kisigino cha kushikilia kiatu. Soli isiyokunjika haifuati vidole vinapotanuka, kwa hiyo kila hatua inakisukuma kiatu pembeni, mpaka unakikuta kimegeuka, soli iko ubavuni na theluji imejaa ndani. Ukikaza mkanda ili kisigeuke, unaona mstari wa manyoya yaliyolala na wekundu chini yake. Vinafaa kwa mbwa mwenye jeraha la unyayo au anayepita kwenye barafu iliyovunjikavunjika, mradi viwe na mikanda miwili na soli unayoweza kuikunja kwa vidole viwili. Ikigoma kukunjika mkononi, virudishe rafuni.

Kupima mguu ndiko kunakoamua karibu kila kitu. Msimamishe mbwa juu ya karatasi, inua mguu mmoja wa mbele ili ule wa pili ubebe uzito na vidole vitanuke, halafu weka alama ya kalamu kila upande wa sehemu iliyo pana zaidi. Upana huo ndio unaoulinganisha na jedwali la mtengenezaji. Miguu ya nyuma ipime peke yake, maana mara nyingi ni myembamba kuliko ya mbele. Seti ya viatu vinne vya saizi moja ndiyo inayofanya vya nyuma vipotee.

Nta inashinda zote kwa vibonge vya theluji. Kibonge huanza kama punje ya mchele kwenye unywele ulio kati ya vidole. Joto la mguu hukiyeyusha kidogo, kinaganda tena, kinashika theluji nyingine, mpaka kinafikia ukubwa wa haragwe na kuvitenganisha vidole. Hapo mbwa husimama ghafla, anainua mguu na kuanza kuung'ata. Kata manyoya hayo yalingane na unyayo kwa mkasi wenye ncha butu, bila kuchimba ndani. Kisha paka nta kiasi cha haragwe kwa kila mguu, chini na katikati ya vidole, dakika chache kabla ya kutoka. Tunapendelea iliyotengenezwa kwa nta ya nyuki kuliko mafuta ya mgando, ambayo huteleza sakafuni na hulambwa kabla mbwa hajafika mlangoni. Dhidi ya barafu yenye makali nta haisaidii, na chumvi inaizuia kwa sehemu tu.

Kwa hiyo mbwa aliyepakwa nta bado anahitaji beseni la maji vuguvugu akirudi. Chovya mguu mmoja mmoja, kausha hadi katikati ya vidole. Chumvi ya kawaida hukausha ngozi mpaka ipasuke. Kloridi ya kalsiamu, chumvi nyingine ya kuyeyusha barafu, hutoa joto inapokutana na maji na huunguza ngozi iliyokwisha pasuka. Akiilamba miguuni anaweza kutapika na kuharisha. Hatari kubwa zaidi ni kimiminika cha kuzuia maji ya injini yasigande, chenye ethilini glikoli: kina utamu na huharibu figo. Mbwa akikilamba, mpeleke kwa daktari wa mifugo saa hiyohiyo bila kusubiri dalili.

Mbwa anayetetemeka hahitaji kiatu kinene zaidi. Mbwa wa aina ya Greyhound au Chihuahua, wenye manyoya mafupi na mafuta kidogo, wanahitaji koti linalofunika kifua, tumbo na mgongo hadi mwanzo wa mkia, nalo liwe kavu, kwa kuwa koti lililolowa linamnyang'anya joto. Husky mzima mwenye manyoya ya tabaka mbili halihitaji. Ncha za masikio na mkia zikipauka au kuwa na rangi ya kijivu na ubaridi mkali, usizisugue. Zipashe taratibu kwa kitambaa cha maji vuguvugu, kisha mwone daktari.

Mzoeshe viatu ndani ya nyumba kwanza, dakika tano hivi kwa siku, kila hatua nzuri ikifuatwa na kipande cha chakula. Matembezi ya kwanza yakifika dakika kumi, vivue na ukague kati ya vidole kama kuna wekundu. Na unaponunua vya nailoni, ongeza viwili vya akiba vya saizi ya mbele: kimoja kitazama kwenye theluji na hutakiona tena mpaka iyeyuke.