Rangi ya Kopo Kwenye Fremu ya Chuma: Uchambuzi Baada ya Miezi Sita

Watazamaji wangu, karibuni. Fremu mnayoiona mezani ni ya Phoenix, ile baiskeli nyeusi ya chuma ambayo hapa Tanga imebeba nazi, magunia na abiria kwa miaka mingi. Miezi sita iliyopita niliivua rangi yote hadi chuma kitupu, nikaipaka kijani, na leo ninachambua bidhaa tatu nilizotumia: dawa ya kuondoa rangi, praima (rangi ya msingi inayotangulia kupakwa juu ya chuma), na rangi ya kopo ya kupuliza.

Dawa ya kuondoa rangi ni nzito kama uji, nayo ilistahili kila shilingi. Niliipaka kwa brashi, nikaifunika kwa nailoni ili isikauke, na baada ya dakika 20 rangi ya kiwandani ilikuwa imevimba na kubanduka, hata kwenye kona za maungio ya mabomba ambako msasa haufiki. Someni lebo kabla ya kununua. Ikiwa imeandikwa dikloromethani, kemikali inayoyeyusha rangi, fahamuni kwamba mvuke wake umeua watu waliofanya kazi mahali pasipo hewa, ndiyo maana mwaka 2019 Marekani ilipiga marufuku dawa za rangi za aina hiyo kuuzwa kwa watumiaji wa nyumbani. Mimi nilifanyia kazi uani, nikavaa glavu nene, kwani zile nyembamba za hospitali hupenywa upesi. Wapo pia mafundi wanaotumia kostiki soda ya kutengenezea sabuni. Kwa chuma haina neno, lakini kwenye fremu ya alumini msithubutu, huila.

Hebu tazameni hapa chini, panapokaa ekseli ya pedali. Mnaona vishimo vidogo kama vilivyochomwa kwa sindano? Hiyo ni kutu iliyotokana na maji yanayoteremka ndani ya bomba la kiti na kutuama hapa, na kama ningepaka rangi mpya juu ya ile ya zamani, nisingeviona kamwe.

Sasa praima, ambako ndiko nilikopotea. Kwanza, nilimaliza kupiga msasa namba 240 jioni, nikaiacha fremu tupu hadi kesho yake. Kwa hewa hii ya bahari, asubuhi niliikuta imeshika kutu ya rangi ya chungwa, nikarudia upya. Pili, nilipaka redi oksaidi ya mafuta, ile ya makopo ya mageti, na baada ya siku moja tu nikapuliza kijani juu yake. Thina iliyomo kwenye kopo la kupuliza ni kali kuliko mafuta ambayo hayajakauka hadi ndani, hivyo bomba la juu lote likakunjamana kama utando wa maziwa yaliyochemshwa. Hapo siilaumu bidhaa yoyote kati ya hizo mbili, kwani kila moja ni nzuri peke yake. Kosa lilikuwa kuzioanisha. Mara ya pili nilinunua praima ya kupuliza ya mtengenezaji yuleyule wa rangi, nikafuata muda wa kurudia ulioandikwa kwenye kopo, na tatizo likaisha.

Rangi yenyewe hupulizwa kwa tabaka nyembamba, kutoka umbali wa sentimita 25 hivi. Mimi huanza saa tatu asubuhi, umande ukishakauka na upepo wa bahari haujaanza kuleta vumbi. Zibeni nyuzi za skrubu kwa utepe wa karatasi, na namba iliyogongwa kwenye fremu msiizike kwa rangi, kwani ndiyo utambulisho wa baiskeli ikiibwa.

Je, imedumu? Mng'ao upo. Hata hivyo, pale keria inapobana, rangi imemenyeka hadi praima, na nilipopangusa grisi ya mnyororo kwa tambara lenye petroli, tambara lilitoka na ukijani. Kwa baiskeli ya kwenda sokoni na kurudi, ninairidhia. Kwa baiskeli ya mizigo, ipelekeni fremu iliyokwisha kupigwa praima kwa fundi wa kupuliza magari, awapakie rangi ya kuchanganya na kikaushio, ambayo petroli haiiwezi. Lakini msiipulize wenyewe nyumbani, kwa sababu kikaushio hicho kina kemikali ziitwazo isosianeti zinazodhuru mapafu, na kitambaa cha kufunga puani hakizizuii.