Karakana ya mashine ndogo, Shangani, Mtwara: hatimaye gia ya stata imetulia

Wenye mashine za kukatia nyasi za kuendesha ukiwa umekaa, ambazo gia ndogo ya stata (mota ya kuwashia injini) huvunjika meno kila inapobadilishwa, ninawapendekezea karakana hii bila kusita. Mafundi wengine huweka gia mpya ya plastiki na kupokea malipo; hawa walitaka kwanza kujua kinachoivunja. Walikagua meno ya flaiwili, gurudumu zito la injini linalozungushwa na gia hiyo, mzunguko mzima, wakatazama kama kabari yake, kipande kidogo cha chuma kinachoizuia isihame mahali pake, imekatika, kwa kuwa flaiwili ikihama cheche huja wakati usio wake, na injini hupiga kinyume na kuivunja gia papo hapo. Kisha wakapima nafasi za valvu, yaani uwazi mdogo kati ya valvu na kinachoisukuma, na hapo ndipo palipokuwa na mzizi wa tatizo: nafasi ikizidi, kile kifaa kinachopunguza mgandamizo wakati wa kuwasha hushindwa kuifungua valvu ipasavyo, na stata hulazimika kuisukuma pistoni dhidi ya mgandamizo wote. Walirekebisha valvu, wakakaza bolti za stata, wakasafisha mhimili wake bila kuupaka grisi, ambayo hunasa vumbi. Vipuri husubiriwa kutoka Dar es Salaam, jambo linalochosha, lakini kazi yenyewe ni ya uhakika.