Besi ya kiwango, korido ya kutisha

Nianze na sifa, maana zipo. Nimetoka kwenye shoo ya usiku ya madijei, na ni muda mrefu sijasikia besi iliyopangwa vizuri namna ile ndani ya ukumbi mkubwa. Inakugonga kifuani bila kukukwaruza masikio, na hata ukisimama nyuma kabisa, karibu na meza ya fundi mitambo, hupotezi kitu. DJ wa kufungua alipiga muziki wa hausi (house) wa taratibu, bila papara. Ningekuwa napima muziki peke yake, ningewapa nyota tano na kwenda kulala.

Lakini tulikwenda kucheza, na kuanzia saa sita usiku hakuna aliyecheza. Tulibanwa.

Jina la ukumbi silitaji. Aliyekuwepo atautambua kwa korido. Jengo lina kumbi mbili, mkubwa na mdogo. Kuingia, kutoka, kwenda chooni, kufuata maji kaunta, kuhama ukumbi huu kwenda ule, yote hayo hupita kwenye korido ileile, ambayo watu wanne wakisimama bega kwa bega wameshaijaza. Saa sita, DJ mgeni alipopanda jukwaani, waandaaji wakazima muziki wa ukumbi mdogo. Hakukuwa na tangazo wala mtu wa kuelekeza. Waliokuwa kule wakamiminika huku kwa mkupuo, wakakutana katikati ya korido na waliokuwa wanatoka kutafuta maji.

Nilikuwa na binti wa kaka yangu. Mimi ni mfupi, kwenye shoo huona migongo tu. Yeye ni mrefu, ndiye macho yangu.

"Shangazi, mbona unanisukuma?"

"Sikusukumi mwanangu, nasukumwa."

Wanaosomea mambo ya umati huhesabu watu kwa mita ya mraba. Wakiwa wanne, bado unaweza kujigeuza na kuchagua pa kwenda. Wakifika sita au saba, mwili si wako tena: umati unakwenda kwa mawimbi, na msukumo wa mtu wa nyuma unaishia kwenye mbavu za mtu aliye mbali mbele, asiyemwona wala kumsikia. Na wengi wanaokufa katika hali hiyo hawauawi na nyayo. Wanakosa hewa, wengine wakiwa bado wima, kwa sababu kifua hakipati pa kutanukia. Pale koridoni tulifika mahali ambapo sikuweza kuinua mkono kufuta jasho usoni. Nilikuwa napumua kifupi kifupi, napiga hesabu ya pumzi.

Wapenzi wa bendi huenda wasinielewe, kwa hiyo niseme kwa nini muziki wetu unahitaji uangalizi zaidi. Bendi ikimaliza wimbo kuna kimya kidogo. Mwimbaji anatazama watu, akiona mtu ameanguka anaweza kusema tusubiri. DJ hana kimya hicho. Wimbo unaingia ndani ya mwingine kwa saa mbili mfululizo, mwenyewe ameinamia mashine, taa zinampiga usoni, mbele yake kuna moshi na giza linalokatwakatwa na taa za kumwekamweka. Juu ya hayo, ule mtindo wa kuondoa besi, kuwaweka watu roho juu, kisha kuirudisha kwa kishindo, ndio unaofanya ukumbi mzima uruke na kusogea mbele kwa pamoja. Ni raha ya ajabu ukiwa na nafasi. Ukiwa umebanwa ukutani, kila besi inaporudi unaomba isirudi. Mayowe nayo hayasaidii, maana hata wenye raha wanapiga mayowe.

Sasa walinzi. Mabaunsa wa mlangoni walikuwa hodari kweli kweli wa kupekua mikoba. Kiberiti changu kilichukuliwa kwa heshima zote. Ndani sikumwona hata mmoja. Kwenye mlango wa tiketi kulikuwa na kijana mwenye kifaa cha kuhesabia, anabonyeza kila anayeingia. Kwenye mlango wa pembeni wa waalikwa, watu wa bangili walipita makundi kwa makundi na hakuna aliyebonyeza chochote. Mlango wa dharura niliuona, kibao chake kinawaka kijani juu, na chini yake kuna makasha ya vifaa na meza ya kuuzia fulana.

Aliyetutoa ni dada wa kaunta ya maji. Aliinua ubao wa kaunta, akaanza kuwavuta watu mmoja mmoja na kuwapitisha nyuma, kwenye mlango wa kushushia mizigo. Hakuna aliyemtuma. Kama waandaaji wanasoma hapa, mpandisheni cheo.

Niliwaandikia. Wakajibu, kwa adabu, kwamba idadi ya watu haikuvuka kibali. Huenda ni kweli, na ndilo linalonikera zaidi. Kibali kinahesabu jengo zima, wao wakawasongamanisha watu wa jengo zima kwenye chumba kimoja na korido. Tarehe 24 Julai 2010 kule Duisburg, Ujerumani, kwenye tamasha la muziki wa madijei la Love Parade, watu 21 walikufa kwenye njia ya mteremko iliyotumika kuingilia na kutokea, huku uwanja wenyewe wa sherehe haujajaa. Kesi ilianza 2017 na ikafungwa 2020 bila hukumu. Kwenye ukumbi wa Madrid Arena, Hispania, Novemba 2012, wasichana watano walipoteza maisha baada ya kubanwa kwenye njia ya ndani ya jengo. Hapo tiketi zilikuwa zimeuzwa kupita kiasi, na promota akahukumiwa kifungo. Mmoja alijaza, mwingine hakujaza, na vifo vikatokea pale pale penye njia nyembamba. Kwa hiyo nikiulizwa habari za ukumbi, naanza kuuliza njia zake.

Binti yangu anasema natia chumvi, kwamba tatizo lilikuwa uhaba wa mabaunsa tu. Sikubaliani. Klabu ya E2 mjini Chicago, Februari 2003, ilikuwa na walinzi. Walipuliza dawa ya pilipili kuzima ugomvi, watu wakakimbilia ngazi za mbele, 21 wakafia hapo. Mlinzi asiyefundishwa kuusoma umati ni bora abaki mlangoni na kiberiti changu.

Nitarudi? Wakitenga njia ya kuingia na ya kutoka, wakaweka mtu mwenye mamlaka ya kuzima muziki na kuwasha taa bila kumwomba DJ ruhusa, na ile meza ya fulana ikahamia kwingine, nitarudi, tena mapema. Hayo hayadai ujenzi wowote. Kwa sasa nyota mbili: moja ya fundi wa sauti, moja ya dada wa maji.

Kama tayari mmekata tiketi za awamu ijayo, fikeni kabla ya msongamano na mtafute mlango wa pili kabla ya kutafuta spika. Simameni pembeni au karibu na fundi, mbali na kizuizi cha mbele. Mkiona mnaguswa na watu pande zote, ondokeni wakati huo huo, wimbo mnaoupenda uendelee bila ninyi. Mkichelewa, mikono ije mbele ya kifua kama mpiga ngumi, msishindane na wimbi. Likitulia, sogeeni kimshazari kuelekea ukingoni, kidogo kidogo. Simu ikidondoka msiinamie. Ya binti yangu ilidondoka, na wahusika bado hawajajibu kama iliokotwa.