Kuvusha intaneti toka jengo moja hadi jingine Arusha: nunua ukiufikiria ukungu wa Julai

Una ofisi Ilboru na nyumba ya wageni ng'ambo ya korongo, mita 400 hivi, na unataka zote zitumie intaneti moja. Huku miteremkoni mwa Meru usianze kuuliza kasi. Uliza kwanza: Julai, saa moja asubuhi, ukungu umeshuka, kifaa kitafanya kazi?

Namba moja kwangu ni faiba, yaani kebo ya nyuzi za kioo. Mwanga unapita ndani ya kioo, ukungu na mvua haviugusi, na faiba isiyo na chuma haikuletei radi ndani. Kazi ni kuchimba mtaro na kuomba njia kwa majirani.

Korongo likikatalia, chukua jozi ya redio za 5 GHz, vifaa vinavyorushiana intaneti hewani kwa mawimbi kama ya Wi-Fi. Wimbi lake lina urefu wa sentimita 5 hivi, na mbele yake tone la ukungu si kitu. Adui yake ni majani. Kwa mita 400, katikati ya njia acha uwazi wa zaidi ya mita 2 kila upande wa mstari. Migomba ya jirani inakua, kwa hiyo simika nguzo ndefu tangu mwanzo.

Redio za 60 GHz zina kasi zaidi, ila wimbi lake ni milimita 5, linakaribiana na matone ya mvua. Masika zinaweza kuyumba. Tafuta yenye 5 GHz ya akiba ndani yake.

Leza, yaani kifaa kinachorusha intaneti hewani kwa mwali wa mwanga, naiweka mwisho, na naiweka kwa uchungu, maana ni kitu kizuri. Mwaka 2021 mradi wa Taara, wa Alphabet, kampuni mama ya Google, ulivusha intaneti kwa mwanga juu ya mto Kongo, Brazzaville hadi Kinshasa, karibu kilomita 5. Lakini tone la ukungu ni kubwa kuliko wimbi la leza, na matone ni mengi mno. Yanautawanya mwanga kuliko hata mvua inavyofanya. Nimewahi kusimama juu ya paa nikatazama bati jekundu la ng'ambo likipotea: kwanza rangi, kisha ukingo, kisha halipo. Ukungu unapoficha vitu vya mita 200, mwanga uliovuka hapo ni kama asilimia 2. Mita 200 nyingine zinaacha asilimia 2 ya hiyo asilimia 2.

Muuzaji akikuonyesha leza Januari jua likiwaka, usilipe bado. Subiri Julai, panda paani alfajiri siku kadhaa, utafute bati la upande wa pili.